Miaka Yangu ya Kuchapa Vijiti vya Damu Kariakoo

Siku yangu ya kwanza kazini sikuchapa fulana hata moja. Fundi Mkuu, Mzee Kombo, alinipa fremu ya mbao iliyowambwa kitambaa chembamba, akanipa mpira wa kusukumia rangi na rundo la magazeti ya zamani. Akaniambia nichape mstari mmoja, nitupe, nichape mwingine. Nilifanya hivyo mpaka adhana ya alasiri. Hakunisifu wala kunigombeza. Alikuja akaokota gazeti moja sakafuni, akaligeuza, akatazama mgongo wake badala ya mbele.

"Hapa ulikuwa unawaza nini, binti?"

Nikamjibu kwamba nilikuwa nawaza chakula.

"Inaonekana," akasema. "Mkono ulikimbia."

Najua neno kustaafu ni la wazee, na mimi sijafika hata miaka thelathini. Lakini kazi niliyoifanya imekwisha, sasa inafanywa na mashine, na sioni neno jingine la kuiita hali hii. Vijana wanaoingia kwenye uchapaji wa skrini huniuliza ilikuwaje tukatoka kwenye fulana tukaingia kwenye damu. Kwa mdomo huwa siwezi kuwaeleza vizuri, nakatisha katikati. Kwa hiyo naandika.

Karakana yetu ilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitenge, si mbali na Mtaa wa Sikukuu. Tulichapa fulana za misiba, za harusi, za timu za mtaani, na mifuko ya wenye maduka. Kuchapa kwa skrini ni hivi: kile kitambaa cha kwenye fremu unakipaka dawa inayoganda ikipigwa na mwanga. Unalaza juu yake picha nyeusi, unawasha taa kali. Palipofunikwa na picha hapagandi, ukiosha panatoka, na hapo palipotoka ndipo rangi itakapopita. Kazi iliyobaki ni ya mkono. Ukibonyeza sana mstari unavimba, ukibonyeza kidogo unakatika. Mzee Kombo alikuwa akiangalia mgongo wa kitu alichochapa kwa sababu, alisema, mbele rangi inakudanganya, nyuma inakuambia ulibonyeza vipi.

Yeye ni mtu wa hapa hapa, familia yake imekaa Kariakoo tangu nyumba zilipokuwa za udongo. Alikuwa mrefu, mkimya akiwa na kazi, msemaji akiwa na chai.

Dokta Aikande alikuja asubuhi moja tulipokuwa tunafungua. Alikuwa Mkuu wa Maabara wa mradi mmoja wa utafiti uliopanga vyumba upande wa Kivukoni. Sisi hatukujua hilo. Tulimwona dada mwenye begi mgongoni, tukadhani ametumwa kuchapisha fulana za kanisa. Mzee Kombo alipojua ni mtu wa Kilimanjaro akamwambia kwamba wajomba zake wameshanunua Kariakoo nzima, na kama anataka na karakana hiyo aseme mapema ajiandae kuhama. Dokta akamjibu kwamba wajomba zake hufungua saa kumi na mbili, na yeye amesimama pale mlangoni tangu saa hiyo akimsubiri mwenye nyumba aamke. Mzee alicheka mpaka akaegemea mlango.

Kisha Dokta akatoa kopo dogo kama la dawa ya viatu. Ndani yake mlikuwa na wino mweusi, mzito, wenye harufu kali iliyonipanda puani. Akauliza kama tunaweza kuchapa nao mistari myembamba kama uzi juu ya karatasi ngumu ya plastiki.

Mzee akauchungulia. "Nyeusi ninayo ndoo nzima."

"Yako inakaa kwenye nguo, Mzee. Hii inapitisha umeme."

Mzee hakubishana. Alinituma kwa fundi redio wa jirani nikamwombe mita yake. Tukachapa mistari miwili kwenye plastiki, mmoja wa rangi yetu na mwingine wa wino wa Dokta, tukaikausha. Fundi redio akagusisha nyaya kwenye mstari wetu, mshale wa mita haukutikisika. Akagusisha kwenye mstari wa Dokta, mshale ukaruka. Mzee akaomba arudie. Ukaruka tena. Hapo akavuta kigoda, akaagiza chai, na tangu saa ile Dokta hakuwa mteja tena, akawa mgeni.

Hivyo ndivyo nilivyohamia kazi yangu ya pili bila kutoka kwenye chumba kile kile.

Vitu tulivyochapa Dokta aliviita vihisi, sisi tukaviita vijiti. Kijiti kimoja ni kipande cha plastiki chenye upana wa kidole. Juu yake zipo njia tatu. Njia ya kwanza, ya kaboni, ina duara mwishoni, na hapo ndipo kazi yote inafanyika. Ya pili, ya kaboni pia, inafunga mzunguko ili umeme upate pa kurudia. Ya tatu inachapwa kwa wino wa madini ya fedha, nayo ni ya kulinganishia, kama jiwe la mizani ambalo halibadiliki. Wino mmoja lazima ulale mahali pake kando ya mwenzake bila kugusana. Njia zikigusana hata kwa unywele, kijiti kimekufa. Karatasi moja ilibeba safu nyingi za vijiti. Ukimaliza kuchapa unaziingiza kwenye oveni, kisha unazipanga kwenye rafu ya mbao zipumzike mpaka kesho yake, ndipo zifungwe.

Mimi nilipenda kujua. Nilikuwa siulizi mbele za watu, lakini nikibaki peke yangu na Dokta nilikuwa naweza. Siku moja nilimuuliza kinachotafutwa kwenye damu ni nini, na plastiki itakijuaje.

Akaniambia nitazame dirishani. Chini mtaa ulikuwa umejaa kama kawaida, wapagazi, wateja, mikokoteni, wauza maji. Akasema damu iko hivyo, imejaa kila aina ya kitu, na kila kimoja kinakwenda zake. "Sasa chukulia umemsimamisha pale kwenye kona mtu anayeijua sura moja tu," akasema. "Wengine wote wanapita hawaoni. Yule mmoja akipita, anamkamata mkono hamwachii."

Mtu huyo wa kwenye kona ni kingamwili. Kule maabara waliibandika kwenye lile duara la kaboni. Sura inayotafutwa ilikuwa protini moja inayotoka kwenye tezi dume, tezi ndogo waliyonayo wanaume chini ya kibofu cha mkojo. Kila mwanaume anayo kidogo kwenye damu. Ikipanda inaweza kuwa saratani, inaweza kuwa kuvimba kwa kawaida kwa uzee, inaweza kuwa maambukizi. Protini ikishakamatwa, inawekwa kingamwili ya pili iliyobebeshwa kimeng'enya, yaani kitu kinachochochea maji fulani yatoe umeme kidogo sana. Kijiti kinachomekwa kwenye kifaa kidogo kama simu, kifaa kinasoma umeme huo. Protini nyingi, umeme mwingi. Protini chache, umeme kidogo.

Nilifikiri jambo hilo njia nzima mpaka chumbani kwangu Buguruni. Kwamba mstari niliouvuta kwa mkono wangu, mstari ule ule ambao juzi ulikuwa jina la bwana harusi, sasa umeme wa damu ya mtu unapita juu yake. Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi?

Baadaye Dokta aliomba nigawanywe. Asubuhi nikawa karakana, mchana maabara, ambako nilikata karatasi kuwa vijiti na kuvifunga kwenye vifurushi, vya karatasi za wiki nzima vikichanganywa pamoja. Alinifundisha kudondosha tone kwa bomba la kunyonyea, na kupumua taratibu wakati wa kudondosha. Kwa kila kifurushi yeye alikijaribu kijiti kimoja kwa maji yenye kipimo kinachojulikana. Kikisoma sawasawa, kifurushi kinapita.

Ikafika zamu ya watu. Mradi uliwaita wanaume wenye umri mkubwa waje kwa hiari yao, na wengi walikuwa wa sokoni. Kila aliyekuja, Muuguzi wa mradi, Sista Flora, alimtoa damu mkononi. Ile damu ilizungushwa kwenye mashine mpaka maji yake ya njano yakapanda juu. Tone moja la maji hayo lilikwenda kwenye kijiti chetu, na yaliyobaki yalipelekwa hospitali kwenye mashine kubwa, ili majibu yalinganishwe. Jibu la kijiti halikuwa la kumpa mtu. Dokta aliwaambia wote hivyo kabla ya sindano: hiki bado kinajifunza, jibu lako ni la hospitali.

Wale wazee walikuwa na hofu yao. Mpagazi mmoja mnene alikaa kwenye benchi muda mrefu akiwapisha wenzake, kisha akanyanyuka akamnong'oneza Sista, kwa sauti ambayo sote tuliisikia, "Sista, kipimo chenyewe ni cha mkono tu?"

"Cha mkono tu, baba. Hicho cha kidole unachokiogopa kiko hospitali."

"Basi mwandike wa kwanza," akasema mwenzake, na benchi zima likacheka. Mimi niliinamia vijiti vyangu nikijifanya nahesabu.

Mzee Kombo naye alikuja. Alivaa kanzu na kofia kama anakwenda kuposa. Alimwambia Sista kwamba hajaja kupimwa, amekuja kuona kazi yake ikifanya kazi, na kwa kuwa damu inahitajika, watumie ya kwake. Dokta alipochomeka kijiti kwenye kifaa, Mzee alinyoosha shingo juu ya bega lake akaisoma namba kabla haijafunikwa. Ilikuwa ndogo. Alikuwa ameshatusikia mara nyingi tukizungumza, alijua ndogo maana yake nini. Alishuka ngazi akisalimia kila mtu.

Majibu ya hospitali yalipokuja, ya Mzee yalikuwa makubwa, mara kadhaa ya yale ya kijiti. Sista Flora alimpigia simu akamwomba aende hospitali akapimwe tena na kuonwa na daktari. Mzee akamwambia asante, akakata simu, akaendelea kuchapa.

Nilimwamkia siku iliyofuata, shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniuliza kama nimesikia. Nikasema nimesikia.

"Ile mashine ya hospitali unajua imetengenezwa na nani?"

Nikasema sijui.

"Hata mimi sijui. Kijiti hiki nakijua. Nimekichapa mimi, nimekitazama mbele na nyuma. Sasa nikimbilie nisichokijua niache ninachokijua?"

Kwa kweli moyoni nilitaka yeye ndiye awe sahihi. Ile ilikuwa kazi yangu pia.

Mke wake, Mama Siti, ndiye aliyenitoa huko. Alikuja karakana akijifanya ameleta chakula, akanivuta kwenye ngazi. Akasema mume wake anaamka usiku kila mara kwenda haja ndogo, na akienda anakaa, na akirudi hasemi. Alishamwambia aende hospitali, akamjibu kwamba ameshapimwa na kijiti chake kimesema yuko salama. "Wewe mtoto ndiye unayeshinda naye," akaniambia. "Mimi ananiona sijui kitu kuhusu hivyo vijiti." Nikamwahidi nitafanya kitu, na aliposhuka nikabaki nimesimama pale pale, kwa sababu sikujua ni kitu gani. Nitamwelezaje mzee yule habari za haja ndogo na tezi dume? Mimi msichana, yeye umri wa babu yangu.

Dokta naye alikuwa na lake. Majibu mengi ya vijiti yalikubaliana na ya hospitali, lakini yalikuwapo machache yaliyopishana kama la Mzee. Aliyaweka pamoja akayatazama siku nzima. Jioni akaniita kwa jina.

"Tatu, angalia. Yakikosea, yanakosea kwa kushuka. Hakuna hata moja lililokosea kwa kupanda."

Nikamuuliza hiyo maana yake nini. Akasema kosa la bahati mbaya huenda huku na huku. Kosa linalokwenda upande mmoja lina sababu, kuna kitu kinauzuia umeme usipite. Ama kiko maabara kwake, ama kiko karakana kwetu. Alianza kwake. Alibadilisha maji, akabadilisha kingamwili, akafungua chupa mpya za kila kitu. Hakikuonekana. Ndipo akaomba ruhusa kwa Mzee aje akae nasi karakana, atazame tu.

Alikaa pembeni wiki nzima, anakunywa chai yetu, anatazama jinsi tunavyochanganya wino, tunavyosafisha fremu, joto la oveni, vidole vyetu. Mzee alimtania kwamba sasa anajifunza kazi ili amwibie wateja. Dokta hakuona tatizo lolote mpaka Ijumaa.

Ijumaa alikuja mapema kuliko siku nyingine. Mzee Kombo alikuwa anafanya anachofanya kila Ijumaa kabla ya kazi, na alichofanya baba yake kabla yake. Aliweka makaa kwenye chetezo, akatia ubani, akasema bismillahi, akazunguka nao chumba kizima, kwenye meza, kwenye fremu, kwenye oveni, na mwisho akakisimamisha chetezo chini ya rafu ili riziki iingie kwenye kazi iliyokwisha kuchapwa. Karatasi za Alhamisi zilikuwa pale rafuni zimepumzika. Moshi ulipanda katikati yake taratibu. Mimi nilikuwa nimeuona moshi ule mara nyingi kiasi kwamba sikuuona. Ulikuwa ni Ijumaa tu, basi.

Dokta alivuta pumzi, akatazama chetezo, akatazama rafu. Kisha akanigusa kiwiko, tukashuka chini.

Tulisimama mbele ya duka la vitenge. Akanieleza kwamba ubani ni utomvu wa mti, ukiungua moshi wake una mafuta, na mafuta yakitua kwenye kaboni yanaacha utando usioonekana. Kingamwili haishiki vizuri juu ya utando, na umeme unapita kwa shida. Karatasi za siku nyingine ni safi, za Alhamisi zimefukizwa, na zote zinakatwa na kuingia kifurushi kimoja. Anapojaribu kijiti kimoja, kuna uwezekano mkubwa kakipata kizuri.

"Una uhakika?" nikamuuliza.

"Hapana. Nahisi tu."

Kisha akasema kilichokuwa kinamsumbua zaidi. "Mimi Mchaga, Mlutheri. Nikamwambie Mzee Kombo, ndani ya karakana yake, siku ya Ijumaa, kwamba ubani wake unaharibu kazi?"

Nikasema hata mimi siwezi. Tukasimama tu. Mwenye duka la vitenge akatuuliza kama tumekwama, tukamwambia hapana.

Nilipanda peke yangu. Mzee alikuwa ameanza kuvuta wino. Nilisubiri amalize mvuto, kwa sababu katikati ya mvuto hasemeshwi. Nilikuwa nimepanga maneno mengi kwenye ngazi, yote yakapotea. Nikasema lililobaki.

"Mzee, Ijumaa ijayo naomba nusu ya karatasi nizitoe nje kabla ya ubani."

Alinitazama. "Kwa nini?"

"Nataka kujua tu kama kuna tofauti."

Nilidhani atanifukuza. Aliufuta ule mpira wa kusukumia rangi kwa kitambaa, pande zote mbili, kisha akasema, "Kutaka kujua hakuna ubaya. Zitoe." Akaongeza, "Na mimi nitakuja kuona."

Wiki ile sikulala vizuri. Ijumaa ilipofika nilizitoa karatasi zangu rafuni nikaziweka kwenye kabati la bati kwenye korido, nikalifunga. Nyingine zikabaki rafuni. Mzee akafukiza kama siku zote. Mchana, baada ya swala, tulikwenda maabara watatu.

Dokta aliweka maji ya kipimo kinachojulikana, yale yale, kwenye vijiti vya pande zote mbili. Kijiti kilichotoka kabatini kilisoma pale pale kilipotakiwa. Kilichofukizwa kilisoma chini, chini sana.

"Rudia," akasema Mzee.

Akarudia. Ikawa vile vile.

Mzee akasogea mezani, akasema achague yeye. Akavipekua vijiti kama mtu anayechagua nyanya, akiinua hiki na kile kwenye mwanga, anakigeuza, anatazama mbele na mgongoni. Akachagua vilivyochapwa vizuri kuliko vyote kutoka kwenye vile vilivyofukizwa. Mimi mwenyewe nilikubali kwamba vilikuwa vizuri, mistari yake imenyooka kama imepigwa rula. Dokta akavipima kimoja kimoja mbele yake. Vyote vilisoma chini.

Feni ilikuwa inazunguka. Mzee alivua miwani akaiweka mfukoni.

"Kwa hiyo na changu kilikuwa cha Ijumaa," akasema.

Dokta angeweza kusema ndiyo, ingekuwa rahisi kwetu sote. Lakini alisema, "Sijui, Mzee. Vilichanganywa. Huenda kilikuwa, huenda hakikuwa."

"Basi hata mimi sijui."

"Ndiyo. Mpaka upimwe tena."

Akakunja mkono wa kanzu mpaka juu ya kiwiko. "Nipime sasa hivi. Kwa hivi vya kabatini."

"Hapana, Mzee."

"Si umeona ni vizuri?"

"Vinasoma maji vizuri. Damu yako nenda kaisomeshe kule hospitali. Hiki kikikosea, mimi naandika ripoti. Wewe unaandika nini?"

Mzee alimtazama Dokta, kisha akanitazama mimi. Niliogopa kutazama pembeni, nikamtazama na mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu. Nilikuwa nawaza Mama Siti kwenye ngazi. Akaukunjua mkono wa kanzu, akaufunga kifungo taratibu.

"Binti," akasema, "kampigie yule Sista. Mimi simu yake niliikata, naona haya."

Nikapiga.

Alikwenda hospitali na Mama Siti. Alipimwa tena, akapimwa na kile kipimo walichokuwa wanakiogopa wale wa kwenye benchi, kisha wakachukua vinyama vidogo vya tezi kwenda kuvitazama. Ilikuwa saratani. Ilikuwa bado imo ndani ya tezi, haijatoka. Daktari alimwambia kwamba angesubiri mpaka maumivu yamlete mwenyewe, wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Alianza sindano na mionzi. Kuna miezi alikonda, na karakana niliiendesha mimi kwa maelekezo ya simu, kila simu ikianza na kuniuliza nimebonyeza vipi.

Ubani hakuuacha. Alisema ubani haukukosea, uliwekwa karibu na kitu kisichouhitaji. Tulichobadilisha ni hivi: karatasi zikitoka kwenye oveni ziliingia kabatini moja kwa moja, na kila moja nikawa naiandika siku yake pembezoni. Dokta naye akawa anajaribu kijiti kutoka kila karatasi, badala ya kila kifurushi. Kazi iliongezeka kwa sisi sote. Yale majibu yanayoshuka hayakuonekana tena.

Mradi uliendelea, nikapata na wakubwa wengine. Alikuja Msimamizi wa Mradi, mtu mpole anayeongea kwa haraka, akasema vijiti vimefaulu kiasi cha kutosha kuhitajika vingi zaidi, na vingi zaidi maana yake ni mashine. Kuna kiwanda kitakachovichapa bila mkono wa mtu. Alitushukuru kwa maneno mazuri. Dokta alinipeleka nikaione ile mashine siku ilipowasili. Inavuta wino kwa nguvu ile ile kila mara, haiwazi chakula. Nilisimama kando yake muda mrefu nikitaka kujua inafanyaje kazi, mpaka Dokta akaniambia twende, wanafunga.

Mzee Kombo alipopona alimwachia mpwa wake karakana. Mimi nikaondoka siku hiyo hiyo.

Ninyi mnaoanza sasa, mnaniuliza nimejifunza nini. Sina mengi. Namba unayoipenda iulize maswali mengi kuliko namba unayoichukia, kwa sababu unayoichukia utaiuliza tu hata usipoambiwa. Na kitu mnachokifanya kila siku bila kukiona, mwiteni mtu wa nje akae nacho. Mengine mtajifunza kwa mikono.

Na wanaume mnaosoma, nendeni mkapimwe hospitali. Naweza kuliandika hilo hapa, kwa mdomo bado linanishinda.

Mzee Kombo mwenyewe halimshindi. Siku hizi anakaa barazani kwa jirani yake na anawauliza wazee wenzake, kwa sauti, mbele za watu, usiku wanaamka mara ngapi. Wengine wameanza kupita mtaa wa pili kumkwepa. Wawili wamekwenda hospitali. Jana alinipigia simu, akanigombeza kwamba nimemsahau, mwezi mzima sijaenda kumsalimia, na Mama Siti amepika na chakula kinapoa. Nilimwambia nakuja, Mzee. Akasema niache kusema, nije.